Glasi Tano za Kabatini

Rumaisa mwanangu,

Nimekwenda Tandale sokoni. Wali umo sufuriani. Glasi zangu za kabatini usiziguse tena. Mstari huo nimeukata, usiusome.

Asubuhi ilipopasuka ile moja nilikufokea bila kuuliza. Mdogo wako Tunu ndiye kaniambia mishumaa ya ndani ya glasi ulikuwa unanitengenezea mie, umeme ukikatika nisishone gizani.

Utambi wa jiko la mafuta uliotia ni mnene, moto wake mkali ndio uliopasua glasi. Sokota uzi wa pamba, uusimamishe katikati ya glasi, na nta ipoe kidogo ndipo umimine.

Marehemu baba yako alizinunua tuzitumie, mie nikazifungia miaka kumi. Zilizobaki nimekuwekea hapa mezani. Nikirudi niikute moja inawaka, hata kama umeme upo.

Mama yako mwenye mdomo