Siku Baba Alipoisimamisha Skramu

Nyumba ya nyuma ya duka la mikate,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu Kifua,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba yale maumivu ya mgongo yamekuacha upumue. Wifi bado anafanya zamu mbili mbili pale kwa dobi? Mwambie nimesema apumzike, nguo chafu hazikimbii. Na yule mdogo wenu, meno ya mbele yameota, au bado anapiga mluzi kila akitamka jina lake?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Goti la Mama linagombana na ngazi, lakini ulimi wake haujapatwa na ugonjwa wowote. Shemeji yako amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa stoo, na tangu siku hiyo hata nyumbani anataka aombwe ruhusa mtu akichukua kiberiti. Duka linaendelea. Oveni ya zamani inaunguza upande mmoja tu, na wateja wameshazoea, wengine wanauchagua upande huo makusudi.

Nimesema wazima wa mwili, maana moyo ni habari nyingine. Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita natembea kama mtu aliyezabwa kofi asijue nani kamzaba. Juzi nilitia chumvi kwenye unga mara mbili, mikate yote nikawapa majirani wenye kuku. Ngoja nikueleze.

Unajua kwamba Kitinda, mdogo wetu, ndiye anayefundisha timu ya raga pale shuleni kwetu, akishamaliza vipindi vyake vya jiografia. Na mpwa wako Tingatinga, huyu mwanangu, yumo kwenye timu. Ukimwona sasa hutamjua. Amekuwa jitu, anapita mlangoni kwa ubavu. Kwenye skramu, pale wanane wetu wanapoinama na kusukumana na wanane wao, yeye yuko safu ya pili, anawasukuma wale watatu wa mbele.

Basi tangu Kitinda aichukue timu, hatujala chakula cha Jumapili kwa amani. Baba, aliyeifundisha timu ile ile mpaka akastaafu, anapanga vikombe mezani. Vikombe ni skramu, vijiko ni wakimbiaji wa pembeni. "Sukuma," anasema, "na wakichoka, sukuma tena." Kitinda naye anavitawanya vijiko mpaka kwenye bakuli la mchuzi. "Baba, mpira hauchoki. Watu ndio wanaochoka. Uache mpira ukimbie!" Baba anamtazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa mbishi. "Hiyo ni raga au rede?" Mwisho Mama anakuja kuvikusanya vikombe, anasema wachezaji wote wanahitajika kwa chai.

Kitinda ni mkaidi lakini si mjinga. Mechi za mwanzo alipofungwa, alichanganya dawa: wavulana wasukume kwanza, wapinzani wakisharudi nyuma ndipo mpira utupwe pembeni. Wakashinda, wakashinda tena, mpaka fainali. Mji mzima ukawa unampa mkono. Baba peke yake hakumpongeza. Alisema tu, "Naona vikombe vimefanya kazi." Neno hilo lilimchoma Kitinda.

Siku ya fainali nilifunga duka mapema. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umekuwa kama unga uliozidishiwa maji. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari, fimbo kati ya magoti, kimya. Mpaka mchezo unaelekea ukingoni tulikuwa tunaongoza kwa pointi tatu, na kila skramu wavulana wetu waliwasukuma wale wengine kama mtu anayehamisha kabati.

Kisha mmoja wa wale watatu wa mbele akaumia kifundo cha mguu, akatolewa. Wa akiba wake alikuwa ameshaumia tangu kipindi cha kwanza. Hapakuwa na mwingine aliyefunzwa kucheza pale mbele. Tena wapinzani walikuwa karibu kabisa na mstari wetu, na skramu ilikuwa yao.

Sheria, nimeijua siku hiyo, ni kwamba bila mtu aliyefunzwa skramu haisukumwi. Wanainama tu, wanashikana, mwenye mpira anautoa bila kubughudhiwa. Yaani nguvu yetu yote inakufa. Kitinda akamwita Tingatinga asogee mbele. Refa akaja mpaka kwenye mstari.

"Mwalimu, huyu amefunzwa kucheza mbele?"

Kaka, watu walipiga kelele! "Sema ndiyo! Sema ndiyo!" Nami, mama yake mzazi, nilikuwa naruka na mwavuli wangu, "Mwingize! Mwingize!" kama mnadi wa sokoni. Niliona mwili ule mkubwa, nikaona kombe. Tingatinga mwenyewe alisema, "Mjomba, naweza."

Kitinda alimtazama Baba. Halafu akamgeukia refa.

"Ndiyo. Amefunzwa."

Kitinda, kaka! Yule mtoto aliyekuwa akikiri kuvunja glasi ambazo hata hakuzigusa! Alidanganya mbele ya shule nzima, sauti haikutetemeka. Nilishtuka, lakini kusema kweli nilifurahi kwanza ndipo nikashtuka.

Wavulana walianza kuinama. Ndipo nikasikia kiti kikianguka. Baba alikuwa ameshaingia uwanjani, fimbo ameiacha, viatu vinazama kwenye tope, mshika kibendera anamvuta koti naye anaendelea tu. Aliingia katikati ya makundi mawili ya vijana walioinama, akaweka kiganja nyuma ya shingo ya Tingatinga, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hajafunzwa," akamwambia refa. "Mimi ni babu yake, na huyo aliyesema amefunzwa ni mwanangu. Hajafunzwa."

Nilidhani akili imemruka. Watu walimzomea, kaka. Baba yetu, mzee wa mvi kichwa kizima, anazomewa na wazazi wenzetu ambao nusu yao aliwafundisha yeye kuandika. Mmoja alipiga ukelele, "Mzee, umeuza mechi!" Kitinda alisimama pale pale, uso umekuwa wa majivu, hata mikono hakujua aiweke wapi.

Refa akaamuru skramu isisukumwe. Mpira ukatoka upande wao kama mtu anayetoka sebuleni kwake, ukaenda pembeni, winga wao akaanguka nao kwenye kona. Trai, pointi tano. Teke la nyongeza walikosa, lakini tulikuwa tumeshafungwa kwa pointi mbili.

Tulirudi nyumbani kama tunatoka kuzika. Nilimfuata Baba uani, alikuwa anakwangua tope kwenye viatu kwa kijiti. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia ametuaibisha, kwamba miaka yote wimbo wake ni sukuma, sukuma, na siku kusukuma kulipohitajika amemvua mwanawe nguo hadharani.

Hakuniinulia macho. Alisema, "Kuna kijana nilimwingiza mbele, hajafunzwa. Nilimwambia, wewe shika tu, sukuma. Skramu ikaanguka. Wenzake wote wakainuka." Akaendelea kukwangua kiatu ambacho tayari kilikuwa safi. "Shingo, mwanangu. Hajasimama tena mpaka leo."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji, na sketi ya kwendea harusini.

Kisha akaniambia jambo jingine. Kwamba aliyekuwa ubavuni mwa kijana yule, bega kwa bega, ni wewe.

Kaka, mimi nilikuwa mtoto wa kuchezea mchanga. Ninachokumbuka ni kwamba uliacha raga ghafla na tukaambiwa umechagua masomo. Halafu ukasafiri. Kumbe! Nilikimbilia jikoni kwa Mama, nikamuuliza kama alijua. Aliendelea kumenya viazi. "Nimeolewa na yule mzee, sikuolewa na ukuta," akasema. "Siku zote nilijua. Kila akisema anakwenda kumwona fundi wake wa saa, ni kwa kijana yule anakokwenda. Umeshawahi kuiona hiyo saa?"

Jumatatu Kitinda alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akasema alidanganya. Wamemsimamisha ukocha mpaka msimu ujao, hakubisha. Wavulana walitaka kugoma, akawaambia wakigoma asiwaone tena. Lakini kwa Baba hakufika. Simu hapokei, mlango hafungui. Mimi nilimpelekea mikate nikaiacha dirishani kama ya ndege.

Jana Baba alikwenda kumgongea kwa fimbo mpaka majirani wakatoka. Alipofungua, Baba hakusema pole wala hakumlaumu. Alisema, "Vaa viatu." Akatuchukua wote, Kitinda, Tingatinga na mimi, akatupeleka kwa mtu yule aliyeumia shingo.

Ana nyumba ndogo yenye mteremko wa saruji mlangoni badala ya ngazi. Anafundisha watoto hesabu, chumba cha mbele kina ubao na madawati ya chini. Yumo kwenye kiti cha magurudumu, mikono yake ina nguvu kidogo, kikombe anakishika kwa viganja viwili. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulia. Hakunipa nafasi. Hata chai haijamiminwa, alimgeukia Kitinda.

"Mlikuwa mnaongoza kwa tatu, skramu haisukumwi, na mko kwenye mstari wenu. Sasa nani alikuwa analinda pembeni?"

Kitinda alibabaika. Yule bwana akamwagiza Tingatinga achukue chaki, achore. "Mmekumbatiana pale kama mnapigwa picha, na mpira umeshafika kwa winga! Hamsukumi, basi watu wenu wa ubavuni wachomoke mara mpira ukitoka!" Kitinda akapata sauti, akasema akiwachomoa mapema kati itakuwa wazi. Wakabishana, kaka, chaki mpaka kwenye pua ya mwanangu.

Baba hakuweza kujizuia. "Na wewe pia habari za pembeni?"

Yule bwana akacheka. "Mwalimu, mimi siku zote nilikuwa mtu wa pembeni. Wewe ndiye uliyeniweka mbele."

Sikujua nitazame wapi, nikatazama jedwali la kuzidisha ukutani. Baba alivua kofia akaufunika uso nayo, mabega yanatikisika. Yule bwana akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akamwekea mkono mgongoni, akamwacha alie. Kitinda akapiga magoti upande wa pili. Tangu tuzaliwe sijawahi kumwona Baba akishikwa na mwanawe namna ile.

Nilidhani mshtuko umeisha. Tulipokuwa tunaaga, akaniita. Akaniuliza, "Wewe ndiye dada yake Kifua? Mbona hajawahi kuja?"

Nikasema uko mbali. Akasema ulikuwa karibu kabla hujawa mbali.

Halafu akaniambia, nami nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Skramu ilipoanguka, walikuja watu kutaka kuniinua wanikalishe. Kifua aliwafukuza. Alilala kwenye tope, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, hakukiachia mpaka gari la wagonjwa likafika. Daktari alisema wangeninyanyua tu, nisingefika hospitali. Mwambie kaka yako nimemsubiri nimshukuru, naye ananikwepa kama namdai."

Sijui umebeba nini miaka yote hii, kaka, na sikuulizi. Lakini kama ulidhani mtu yule anakulaumu, umekosea, nami nimelisikia hilo kwa masikio yangu. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimemwahidi utampigia. Usinifanye mwongo, mwaka huu familia yetu imeshatoa mmoja.

Baba na Mama wanakusalimu. Kitinda anakusalimu, leo kala kwetu sahani mbili. Shemeji yako anakusalimu kwa idhini ya stoo, na Tingatinga anasema shikamoo mjomba. Mkumbatie wifi, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde huko uliko, aupe moyo wako wepesi, na akurudishe tukuone.

Mimi dada yako akupendaye, sasa kuliko jana.