Mgongo wa Mwanangu na Mdomo Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio, na mwandiko wangu usikuchoshe maana shule niliiacha mapema. Nina mwanangu wa kwanza, miaka thelathini na minne, fundi seremala, hajaoa, chumba chake kinatazamana na changu, na tangu afiwe na mwenzake wa karakana waliyeanza naye kazi wakiwa vijana, kiuno kimemshika, mwezi wa tano sasa, kabati la mteja limesimama bila milango na yeye amelala anatazama dari.

Sijakaa bure, mshauri, godoro nimebadilisha mara mbili, la pili nikaliondoa nikamwekea mbao kwa sababu jirani alisema mgongo unataka pagumu, nikamkanda kwa maji moto, nikamkataza kubeba hata ndoo, sasa maji nachota mimi, nguo zake nafua mimi, juzi nimemkuta ameshika ufagio nikamnyang'anya. Mdogo wangu, yaani mjomba wake, anasema huyo mvivu tu, mgongo gani unauma na picha ya eksirei haioni kitu, nikamjibu uvivu kaurithi ujombani, lakini rohoni naogopa.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe, daktari ni binti mpole, akamgonga magoti, akampima miguu, akasema mifupa mizima, halafu akamuuliza analalaje, nikasema analala kama mtoto mchanga, akamuuliza chakula, nikasema anamaliza sahani, akamuuliza kama kuna kitu bado kinamfurahisha, nikasema huyu, daktari, ni mcheshi tangu nambeba mgongoni. Nilisema hivyo nisije nikamwaibisha mwanangu, ila ukweli kila asubuhi namkuta macho mekundu, na sahani yake wanamalizia kuku. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Mama, siyo mgongo tu." Mimi nikadhani labda na goti, nikamnunulia dawa ya kuchua.

Nifanyeje, mshauri, ninunue godoro la tatu? Nisije nikampoteza huku namwona.

Mama Seremala

*

Mama Seremala, godoro la tatu usinunue. Hilo la goti limenichekesha, kisha nikalisoma tena nikaacha kucheka. Mwanao alikufungulia moyo, wewe ukaupaka dawa ya kuchua.

Mgongo unamuuma kweli, na mjomba apunguze maneno. Lakini mtu aliyefiwa na mwenzake, hali, halali, hafurahii kitu miezi mitano, huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Sonona na maumivu ya kiuno ni kama mapacha kitandani, mmoja akilia anamwamsha mwenzake: maumivu yanafukuza usingizi, kukosa usingizi kunachosha roho, na roho iliyochoka inayasikia maumivu maradufu. Yote mawili yanatibika, tena pamoja. Yule binti alikuwa anakaribia kuligundua hilo, ukamzibia njia. Hivi aliyekwenda kutibiwa alikuwa nani, wewe au yeye?

Mimi siwezi kumpima mtu kwa barua, kwa hiyo mnarudi kliniki wiki hii. Mbao ziondoe leo. Ufagio mrudishie, na ndoo nusu, maana mgongo wa namna hii hupata nafuu kwa kutembea na kujishughulisha kidogo kidogo. Milango ya kabati ikimshinda, apige randa ubao mmoja tu, inatosha kwa siku. Kaa naye mzungumze habari za marehemu rafiki yake, hata kama utakayeanza kulia ni wewe. Na muulize bila kuzunguka kama huwa anatamani kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukimshinda, vile vile usingoje.

Mama, unampenda mwanao mpaka umemkalia. Mkifika kliniki, yeye aingie, wewe ubaki kwenye benchi la nje, na kama mdomo unakuwasha beba kitu cha kufuma. Akitoka usimuulize daktari kasemaje. Muulize kama ana njaa, kisha ngoja ajibu mwenyewe.