Zaire Tano Yenye Pengo

Jumamosi, 6 Aprili 2024
Ézéchiel amepiga simu — yule mfanyabiashara wa Butembo anayekusanya sarafu zenye kasoro. Jumatatu atakuja kuona sarafu yangu ya zaire tano ya 1987, ile yenye pengo ukingoni kama imeumwa. Mashine ya kiwandani iliikata vibaya. Picha niliyomtumia imempendeza: dola mia mbili, pengine zaidi! Nimemwambia binti yangu Nafisa. Akatabasamu. Kwa nini?

Jumapili, 7 Aprili
Nafisa amenifungulia kopo la sarafu, akaenda jikoni. Sarafu si yangu! Yangu ilikuwa na rangi ya chai. Hii inang'aa, nyekundu-nyekundu. Pengo limechongwa kwa tupa, bila shaka. Na ufunguo anao Nafisa peke yake. Ndiye anayeniogesha, anayenigeuza kitandani. Sikumuuliza. Nilimpigia mdogo wake Zakari, kule mtaa wa Kenya, mji huu huu: dada yako ni mwizi.

Jumatatu, 8 Aprili
Zakari alifika asubuhi, hata hakukaa, akamkabili dada yake.
"Yaya, rudisha ile kitu ya muzee. Ulimuuzishia nani?"
"Mie? Mwizi? Mie njo namufulia mashuka kila siku!"
Kisha Ézéchiel, na lensi yake. Alitazama ukingo unaokabili pengo: umefifia. Kipande cha madini kikikatwa pungufu, mashine haiubani sawasawa upande wa pili. Tupa haiwezi kuiga hilo. Akasema: "Papa, iko ya kweli, njo ile ya kwa picha. Lakini nani aliisugua?"
Nafisa, kwa sauti ndogo: ndimu na majivu. Alikuwa akisugua masufuria ya Idi. Hakutaka mgeni akute kitu cha baba kichafu.
Kwa wakusanyaji, sarafu iliyosuguliwa haina bei. Ézéchiel aliaga.
Niandike kabla moyo huu haujasimama: alama ile ya ukingo, mimi ndiye niliyemfundisha Ézéchiel. Jana sikuitazama. Niliangalia rangi, basi nikamhukumu mtoto wangu.

Jumanne, 9 Aprili
Kesho Idi. Tangu jana sijamwomba Nafisa radhi. Nasikia zipu ya sanduku chumbani kwake. Zakari anakuja na gari — kumpeleka wapi?
Mlango! Nafisa, na beseni la maji ya moto. Ameliweka chini. Ufunguo ameuweka juu ya kopo. Hanitazami.
"Baba, acha bic. Maji itapoa."
Bado naandika. Nikiweka kalamu chini, itabidi niseme