Gari Lililozoea Kwenda Taratibu

Jumapili, 14 Septemba

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala, ufukweni Kibirizi hakuna hata harufu ya dagaa. Nimekung'uta magunia, nimeshona matatu, nimemfokea kila aliyepita.

Mwenye lori amekataa mzigo wangu. Lori lake limekodiwa na mashirika ya wakimbizi, linalipwa hata likilala. Nimempongeza kwa mdomo. Moyoni nimemwambia mengine.

Giza likirudi, dagaa watarudi, na mimi sina cha kuwafikishia soko la kambini. Nisipoonekana siku mbili za soko, meza yangu anapewa Zaituni, muuza dagaa mwenzangu. Ameshaanza kuitazama kama sahani ya pilau. Ile meza ndiyo inayosomesha watoto wangu wanne. Mshahara wa mume wangu unasomesha mume wangu tu, maana ni mwalimu na anapenda vitabu.

Tumekubaliana: fedha za mabati zinunue gari. Tutaendelea na paa la nyasi. Gari liwe kuukuu, lisiwe mlevi wa petroli, na liwe la buti refu. Magunia sita nyuma. Siku ya ibada, watoto na mama mkwe. Sitaki vigari vya kubeba mkoba.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwalimu amenunua daftari la magari. Amechora mistari kwa rula.

Tumeanza Katubuka. Gari la kijani. Kuku amelalia mayai kiti cha nyuma. Mwenyewe anasema tusubiri yaanguliwe. Tumeondoka.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeona gari! La bluu, buti kama chumba. Bwana Hamadi wa Mwanga ndiye anayeliuza, mtu wa maneno ya asali, shikamoo nyingi mpaka kwa watu wa umri wake. Tumelijaribu kutoka Mwanga mpaka stesheni ya reli. Kimya kabisa. Mshale wa mafuta haukutikisika hata unywele. Mwalimu alikuwa ameukodolea macho njia nzima. Ameandika daftarini: "Halili." Akapiga mstari chini, mara mbili.

Hamadi alikuwa na shughuli zake stesheni, akabaki na gari. Sisi tumepanda Mwanga kwa miguu, jua kali, tunacheka njiani kama wachumba. Kesho tunalipa.

Jumatano, 17 Septemba

Hatujalipa. Mama mkwe amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, Mwalimu akamsomea daftari lote. Kikongwe kasikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu: "Mliteremka. Kupanda je?"

Mwalimu kafunga daftari. Mtu kasoma chuo, anafundisha hesabu, amezaliwa Kigoma hii hii yenye mlima wake, na hakujiuliza. Na mimi pia. Afadhali nisiandike zaidi.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumemfuata Hamadi stesheni. Gari lipo palepale tulipoliacha juzi. Nikamwambia, twende juu.

Tumelisukuma. Mimi, Mwalimu, na wapakizi wawili wa bandarini waliotuonea huruma. Hamadi kashika usukani, anatuimbia "haya, kwa pamoja!" Siku ile alizima injini akatuporomosha tu, na sisi tunasifia utulivu. Kitenge changu kimechanika. Darasa zima la Mwalimu likapita likasema shikamoo, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Katikati ya mlima nimeachia. Nimemwambia Hamadi maneno ambayo Jumapili nitayapeleka kwa padre.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikupika.

Zaituni ametuma salamu. Anauliza kama meza bado naihitaji. Nina hasira. Na hofu. Hofu zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Parokia wamepata gari jipya, wanauza la zamani. Jeupe, buti refu kuliko yote tuliyoona. Safari hii tumeanza chini, watu sita ndani, mpaka juu. Limepanda lenyewe, bila kusukumwa. Mwalimu amepima mafuta kwa kijiti, akapima tena, akasema haamini. Injini ni kama ya jana kwa sababu halijawahi kukimbizwa.

Tatizo ni moja. Halijawahi kukimbizwa kwa sababu linabeba majeneza.

Hakuna mtu Kigoma hii ambaye hajatembea nyuma yake akilia. Nilifungua buti nikaona zile reli mbili za chuma sakafuni, za kuingizia jeneza. Mwaka juzi nilitembea nyuma yake mimi, baba yangu akiwa ndani. Nikafunga. Nimelia kidogo pembeni, Mwalimu akajifanya anakagua tairi.

Jumapili, 21 Septemba

Kikao cha familia baada ya misa. Watoto wanalitaka, wameshagombania dirisha. Mwalimu analitaka. Mama mkwe kasema: "Nitalipanda mara moja tu, na siku hiyo sitajua nimelipanda." Kaingia ndani, kafunga mlango.

Mimi naogopa wateja. Nani atakula dagaa waliolala mahali pa maiti? Lakini kesho mitumbwi inaingia ziwani. Sina siku nyingine.

Jumatatu, 22 Septemba

Tumenunua. Eh, siku hii!

Tumelileta nyumbani saa nane mchana. Pale Mwanga wanaume wakasimama, kofia mikononi. Mwenye baiskeli akashuka. Mwalimu, kwa adabu zake, akapunguza mwendo, ndipo akaharibu kabisa, maana watu wakaanza kufuata nyuma. Tulipokata kona kuelekea kwetu, jirani yangu Mama Siwema alitazama gari, akatazama mlango wetu, akamkumbuka mama mkwe aliyejifungia tangu jana. Akapiga yowe.

Basi. Kuni zikaja. Mikeka ikaja. Ndoo ya unga ikaja. Wanawake wameshaingia uani wanalia, wananikumbatia, nami nasema hakuna msiba, nao wanazidi kulia kwa kuwa nimechanganyikiwa. Mwalimu kapanda juu ya kinu atangaze. Hakuna aliyemsikia.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, kitenge kipya, fimbo mkononi. Mtu akazimia. Kikongwe kawatazama wote waliomlilia, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu. Akasema: "Asanteni. Nimewaona. Sasa kaeni mnywe chai." Wamekunywa mpaka jioni. Kuni ameagiza zibaki.

Alhamisi, 25 Septemba

Kambini. Magunia sita, yameingia bila kubanwa. Nilipanga kunyamaza kuhusu gari. Mwalimu hajui kudanganya, aliulizwa tu "limetoka wapi?" akaeleza mpaka reli. Nilitamani kumtia ndani ya gunia.

Wateja wakarudi nyuma. Zaituni yuko meza ya pili, anatabasamu. Nikajua nimekwisha.

Kisha akaja Mama Nestori, Mrundi, mteja wangu tangu wakimbizi walipoingia. Akaweka kiganja juu ya buti, hakukitoa. Alimzika mumewe kando ya njia, usiku wa kukimbia. Bila jeneza, bila mkeka, hakupata hata nafasi ya kulia. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake: "Sisi watu wetu tuliacha njiani. Hii ilibeba watu na heshima." Akanunua kilo mbili. Nyuma yake foleni ikajipanga.

Nimeuza yote. Nimemzidishia bakuli. Alikataa, nikamgombeza, akapokea.

Jumapili, 28 Septemba

Tulipojiandaa kwenda misa, mama mkwe alikuwa ameshakaa garini. Kiti cha mbele. Hakuna aliyemwalika. Mwalimu alimtazama. "Maiti hakai mbele," kikongwe kajibu kabla hajaulizwa.

Mimi nimekaa nyuma kabisa, sakafuni, kati ya zile reli, nimempakata mdogo. Panatoka harufu ya dagaa. Nimemsalimia baba.

Tumeshuka Mwanga na kupanda tena, injini inanguruma. Wanaume bado wanavua kofia. Mama mkwe anawapungia mkono.