Zamu Yangu ya Kukata Tiketi

Awendo, Jumanne, 1994

Na kwa nini nilijidanganya eti karani wa ushuru hawezi kuja na mvua?

Sisi wauza omena watatu, wale dagaa wa ziwani, hukata tiketi moja tu ya soko, tukiipitisha chini ya meza anapokagua. Leo ilikuwa zamu yangu. Sikukata.

Akaja, na askari wa kunyang'anya mali. Akaanzia kwangu. Min Atieno, yaani mama yake Atieno, mwenzetu wa meza ya pili, akanyoosha mkono chini, nami sina kitu.

Kumbe haombi, ananipa! Tiketi ya leo.

Asante Mungu, omena yangu ninayo.

Nilipomwomba Min Atieno msamaha alicheka, akiniita binti wa Kuria kwa Kijaluo: "Nyar Kuria, mvua ikinyesha siku ya zamu yako, mimi hukata. Wewe nakujua."