Vifaranga Kwenye Sanduku la Miche

Jumanne, mwezi wa saba

Faraja mjukuu wangu, daftari hili ulinipa wewe, na tangu Pasaka hujaja kulisoma. Umeota mizizi huko Songea?

Leo wifi yangu Oliva amenitia hasara. Nilikwenda jumuiya nikamwachia nyumba. Lile sanduku langu la mbao lenye balbu, ninamooteshea nyanya, akalidhani la kulelea vifaranga. Akawaingiza wake saba, kisha akaziba matundu yote kwa matambara wasipigwe na baridi.

Matundu ya chini huingiza hewa, ya juu hutoa joto. Kila asubuhi naingiza mkono. Mkono ukivumilia, miche nayo itavumilia. Leo niliporudi niliutoa mbio kama nimegusa chungu jikoni. Vifaranga walikuwa wanatweta, midomo wazi. Miche ambayo haikuliwa ilikuwa imelala, imeiva kama mboga.

"Wifi, nyanya gani zinalala ndani na watu?" Oliva anacheka. "Ungesoma ungejua."

Sikusoma sana, lakini nyanya zilikuwa zinaota! Mbegu zimeisha. Naogopa msimu utanipita hivihivi, na mimi...

Vifaranga sikumrudishia. Miche yangu imo matumboni mwao, basi ni wangu. Nimezibua matundu, balbu nimeipandisha kwa kamba. Wamelala vizuri, maskini, wao hawana kosa.

Amepiga hodi mara mbili. Nimetia komeo.

Ukija Krismasi, pitia kwake kwanza. Mwamkie kwa heshima zote, kisha mwambie Bibi anakuchinjia jogoo. Mtajie na rangi yake, amtambue.