Sauti Yako Chini ya Besi Yangu

Mama Koku, dada yangu,

Sijui kama huko uliko kuna redio. Huku ipo, Noeli imekaribia, na kuna jambo nimeshindwa kumwambia mtu mwingine yeyote.

Tangu tukuzike kibanjani Kagoma, kwenye shamba la nyumbani, mambo yanakwenda. Kahawa ilivunwa. Shemeji amekonda, lakini anapalilia migomba yake. Msimu wa senene, panzi walishuka kama mvua. Nilijaza magunia manne peke yangu, na lile la nne ndilo lililonibeba mimi. Najua ungesema, "Kaijage waitu, ndugu yangu, punguza gunia moja." Haya, matatu.

Koku anakaa kwangu Kashai, anasoma. Jumapili tulikuwa tunatazama filamu ya Krismasi, zile za theluji, watoto wamejifunga skafu mpaka puani wanaimba milangoni kwa watu. Wakaanza ule wimbo wa wachungaji, ambao wewe uliuongoza siku redio ya mjini ilipokuja kigangoni kurekodi kwaya yetu. Nikamwambia Koku hawa wametuiga. Nikamwambia wazungu waliusikia Kagoma wakaubeba, na yule mnene wa nyuma anajaribu besi yangu ila kifua hana.

Kwa kawaida hucheka. Safari hii akasema, "Mjomba, ule wetu wa redio mama hasikiki. Unasikika wewe tu."

Mimi, dada, nikainuka nikazima filamu. 

Unajua nilivyokuwa. Kila Noeli redio ikiurudia, kama niko dukani Bilele nasimama hapohapo, nawaambia wateja hiyo besi ni mimi. Wengine walininunulia soda. Niliwaeleza kwamba fundi wa redio aliniwekea maikrofoni mbele yangu bila kuombwa. Wewe ukasema, "Aliiweka katikati. Wewe ndiye uliyeisogelea kidogo kidogo kama mwizi wa ndizi." Kwaya nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Kumbe rekodi ile ndiyo sauti yako pekee tuliyobaki nayo. Hakuna aliyefikiria kukurekodi kwenye simu. Picha ziko nyingi, za harusi, za kipaimara cha Koku, na zote umenyamaza.

Sasa mtoto anauweka wimbo ule sikioni kila akitoka shule. Anakutafuta wewe, anakutana na mimi. Beti nzima mimi, nalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Nilikuwa najisifu kwamba namaliza ubeti kwa pumzi moja. Na hilo, dada, katika yote niliyowahi kusimulia, lilikuwa kweli. Laiti lingekuwa uongo. Ningevuta pumzi kila mstari, mwanao angekuwa na mama wa kumsikiliza.

Juzi nilikuwa uani namenya ndizi, Koku akaja mbio akanichomekea kifaa cha sikioni. "Sikiliza hapa, mjomba, usiongee." Ubeti wa mwisho, nadhani nilikuwa nimechoka, pumzi ikaniishia. Palepale ukatokea wewe. Neno moja tu, "mtoto," laini, juu kabisa, halafu mimi huyo nikarudi nikakufunika.

Koku akasema, "Anavyolivuta, ndivyo alivyokuwa akiniita niingie ndani." Akarudisha, akalisikiliza tena. Na tena. Ndizi zikaniungulia baadaye, na sikumsingizia mtu.

Nimejiuliza ni mangapi mengine niliyokufunika. Siku ngapi ulianza kusema jambo mezani nikaingia na habari zangu za mamba wa mto Kagera. Hukuwahi kunikasirikia. Ulikuwa unangoja nimalize, na mimi nilikuwa simalizi.

Basi nakuahidi. Noeli hii redio ikiupiga, watu wakanigeukia, sitawaambia besi ni ya nani. Nitainua mkono wanyamaze, na lile neno likifika nitawaambia huyo ndiye dada yangu. Koku ameomba kuingia kwaya. Nimemwambia mwalimu amweke sauti ya kwanza, na mimi niwe upande wa mlangoni, nyuma ya wote.

Kwaheri, Mama Koku. Mtoto anakula vizuri, anakua, ana shingo yako. Pumzika. Na kama huko mna kwaya, simama mbele, mbali na wanaume.

Kaka yako,
Kaijage